Nyota Nne za Sixbert

Mitwero nzima, pale Lindi, mtu akitaka kununua kitu mtandaoni, kwanza anapita kwa Debora. Si kwamba Debora anauza. Debora ni fundi cherehani, ana kibanda chake cha bati kando ya barabara, anashona magauni, sare za shule na nguo za misa. Lakini Mungu kampa jicho. Mpe simu yenye ukurasa wa duka lolote, atashuka moja kwa moja kwenye maoni ya wateja, atasoma huku mguu ukiendelea kukanyaga cherehani, kisha atakuambia nunua, au kimbia.

Wala habahatishi, jamani. Angela wa saluni alitaka kuagiza nywele za laki tatu kutoka Dar. Debora akasoma maoni sitini, akamrudishia simu yake. "Hawa wote wamesifia siku moja," akasema. "Watu sitini wafurahi Jumanne moja? Hicho ni kilio cha kukodi." Angela akanuna, lakini akaacha. Wiki ya pili shoga yake wa Mtanda akalizwa na duka lile lile, akabaki kujifunga kilemba mwezi mzima. Tangu hapo neno la Debora likawa neno. Watu wakawa wanasema, "Debora kasema," na maneno yanaishia hapo.

Alikuwa na njia zake. Nyota tano hazisomi kabisa, eti hizo wanatoa shemeji za mwenye duka. Nyota moja anazipitia kwa tahadhari, maana kuna watu walizaliwa na kinyongo. Anachotafuta yeye ni mtu aliyepata haki yake lakini bado ananung'unika jambo dogo. "Mwongo hawezi kusifia huku analalamika," alikuwa akisema. "Anayenung'unika kidogo ndiye aliyefika kweli."

Shika hilo la kunung'unika, maana ndilo lililomponza.

Alex ni mdogo wake wa mwisho, kijana wa miaka ishirini na mbili. Anakaanga chipsi kwenye banda la mtu pale Nangurukuru, mabasi yanaposimama. Tangu yuko kidato cha pili alikuwa anacheza gemu moja ya mpira kwenye simu, na kwa miaka sita hiyo akaunti yake ikawa kitu cha ajabu. Timu yake ina wachezaji ambao vijana wengine wanawaota tu. Mama yao aliita upuuzi mpaka akachoka. Sasa upuuzi huo ulikuwa na bei. Kuna soko mtandaoni linaitwa Soko la Mabingwa. Unawakabidhi akaunti yako, wanaikagua, wanakutafutia mnunuzi, nawe unapata chako. Alex alikuwa amehesabiwa laki nane, na kwa laki nane angefungua banda lake mwenyewe.

Akampigia dada yake. "Dada, nisomee hawa watu. Wanataka paswedi, wanataka picha ya kitambulisho cha taifa mbele na nyuma, halafu wanataka nipige picha ya uso nimeshika kitambulisho hapa chini ya kidevu."

"Uso na kitambulisho? Kwani wanataka kukuoa?"

"Dada bwana! Si ndiyo maana nakuuliza. Ukisema ndiyo, natuma. Ukisema hapana, naacha."

Hapo mzigo ukaangukia kichwani kwa Debora, naye akaubeba kwa furaha, kama mtu anayeombwa kuonja mchuzi. Akasoma siku mbili. Maoni mia mbili na kumi na nne. Mengi yalikuwa takataka, sifa tupu, akayapita. Alikuwa amefika mahali anataka kumwambia Alex aache, ndipo akakutana na nyota nne.

Yalikuwa maoni mafupi. "Tulikubaliana Ijumaa, wakanilipa Jumatatu. Hata salamu hawana, wananiandikia kama wanaamuru punda. Lakini pesa yangu nimepata yote. Sixbert, Rondo." Pembeni pana picha ya mwanamume mwenye pengo la jino la mbele, kashika kitambulisho chini ya kidevu.

Debora akapiga kofi. Sixbert! Fundi pikipiki wa Rondo, kwao Debora, aliyekuwa anaimba besi kwenye kwaya Debora alipokuwa msichana. Miaka kumi hajamwona, lakini pengo lile ni lile lile. Halafu lile nung'uniko! Nani mwingine duniani atalipwa pesa yake yote kisha aumie kwa sababu hakusalimiwa? Hicho ni kidonda cha mtu wa kwetu kabisa. Huku mtu akikukuta unazama, atakuuliza kwanza habari za nyumbani. Tapeli hawezi kutunga jambo hilo hata umpe mwaka mzima.

"Tuma," akamwambia Alex. "Sixbert wa Rondo kalipwa. Namjua."

Alex akatuma Jumamosi saa nne asubuhi. Wakamjibu kwamba ukaguzi ni saa sabini na mbili, na ndani ya muda huo asiguse akaunti, asije akaharibu. Naye hakugusa.

Jumatatu asubuhi akaingia kibandani mama mmoja wa makamo, anaitwa Lusia, mwenyeji wa Rondo pia. Alikuwa na bonge la kitenge mabegani, kitenge kimoja cha kutosha wanawake sita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo? Habari za mji? Mama yako hajambo? Na mguu wake?"

Wakasalimiana mpaka salamu zikaisha. Lusia akaketi, akafungua mzigo. "Nataka magauni sita, mshono mmoja. Tuna misa ya mwaka Jumapili."

"Poleni, mama. Misa ya nani?"

"Ya mdogo wangu, Sixbert. Yule fundi pikipiki."

Debora alikuwa ameshika futi ya kupimia. Ikamponyoka, ikajikunja sakafuni, naye hakuinama kuiokota. "Sixbert yupi, mama? Mwenye pengo?"

"Huyo huyo. Hukusikia? Mwaka jana, msimu wa korosho unaanza. Presha, mwanangu. Alianguka mlangoni kwake, hakuamka."

Debora akasema anatafuta chaki, akageukia ukutani, akafungua simu. Maoni yale yalikuwa na tarehe, na tarehe ilikuwa ya wiki tatu zilizopita. Wiki tatu! Mtu ana karibu mwaka mzima kaburini, ananung'unika kwamba hakusalimiwa. Akaitazama ile picha. Mara ya kwanza alikuwa ameona pengo tu, akafurahi. Sasa akaona macho. Yalikuwa macho ya mtu aliyeambiwa asicheke. Akahisi kama kuna mtu kasimama nyuma yake kati ya magauni yaliyotundikwa.

"Mwanangu, vipi? Umekuwa kama umemeza sindano."

"Hamna, mama. Ni habari tu, imenishtua." Akajikaza. Hakutaka kumwambia mtu mwenye msiba kwamba ndugu yake bado anaandika. Akazungukia mbali. "Kwa hiyo... jina lake limekwenda wapi?"

Lusia akacheka, kicheko cha kwanza tangu aingie. "Jina halizikwi, mwanangu, wewe si wa kwetu? Tulimvika Ignasi, mtoto wa dada yetu mkubwa. Siku ya arobaini kabisa, mbele ya watu. Sasa ndiye Sixbert. Hata mjane akimwona anamtania, 'Mume wangu, mbona umerudi na mvi?'"

"Na vitu vyake? Simu?"

"Vyote vya Ignasi. Spana, pikipiki, simu. Jina huendi nalo mikono mitupu."

Loo! Debora akapumua pumzi ndefu hata kitenge kikatikisika. Kumbe! Kwa watu wa huko kwao, mtu akifa jina lake linarithiwa, mrithi anaitwa kwalo, anaulizwa kwalo, anadaiwa kwalo na anatukanwa kwalo. Mtu wa Dar angeona picha ile akakimbilia polisi. Mtu wa kwingine angesema mzimu, akatafuta shehe au padri. Debora, mtu wa Rondo, aliona jambo la kawaida kabisa. Ignasi kauza akaunti ya marehemu, kaandika kwa jina lake jipya, na picha ya zamani haikubadilishwa. Basi.

Laiti angeogopa zaidi kidogo! Jumatatu ile Alex alikuwa bado anaweza kuingia kwenye akaunti yake, akabadilisha paswedi, akafunga mlango. Zilikuwa zimebaki saa ishirini na nne kamili. Debora akaiokota futi yake, akampima mama Lusia kifua na kiuno, akaandika vipimo vya wenzake watano, akamwambia nguo zitakuwa tayari Alhamisi.

Lakini hofu ni kama funza. Ukidhani umemtoa, kumbe kabaki kichwa. Jumanne mchana akampigia Alex. "Vipi wale?"

"Bado wanakagua, dada."

"Mbona sauti hiyo?"

"Mafuta yamenirukia. Nitakupigia." Akakata. Alex hakati simu, Alex ni mtu wa kukusimulia hata basi gani limepasua tairi. Debora akakaa na ile simu mkononi, kisha akajilaumu kwa kuwa na wasiwasi wa kikongwe. Jumatano akashona kutwa nzima, na mara tatu akakosea mshono.

Alhamisi saa tano akaja mwanamume wa miaka kama arobaini na tano, kofia mkononi, begi dogo la kitambaa limebanwa kwapani. Alisalimia toka nje. Akauliza hali, akauliza kazi, akauliza jua la Lindi, akasema yeye ni Ignasi, katumwa nguo za misa. Debora akafurahi kweli. Akamtania, kama desturi inavyotaka.

"Aa, karibu Sixbert mwenyewe! Karibu fundi! Tumeyaona maandishi yako mtandaoni. Kumbe walikulipa lakini hawakukusalimia?"

Ignasi hakucheka. Aligeuka kwanza akatazama barabarani, kushoto na kulia. Mkono wake ukashika mwimo wa mlango.

"Nani kakutuma?" akauliza, sauti imeshuka.

"Hakuna aliyenituma, kaka. Natania."

"Dada, kama umeibiwa, si mimi. Nakuapia kwa msalaba huu wa shingoni. Mimi sijaandika popote. Mimi nimerithi jina tu."

Tazama mtu mzima mwenye mvi anavyotetemeka mbele ya fundi wa kike! Debora akavuta kiti, akamketisha. "Kaka Ignasi," akasema, "mdogo wangu kawapa uso wake. Niambie unachokijua."

Akamwambia. Marehemu alikuwa na akaunti ya gemu ya vita, ameicheza jioni baada ya kazi miaka mingi. Akaipeleka Soko la Mabingwa, akatuma kitambulisho, akatuma uso. Hawakumlipa hata senti. Hilo angelimeza, mtu huibiwa. Lakini baada ya mwezi mmoja akaja kijana kutoka Masasi, anamtafuta Sixbert. Anasema Sixbert ndiye aliyemuuzia akaunti hewa, picha anayo, kitambulisho anacho. Akaja mwingine kutoka Mtwara. Akaja mwingine na barua ya polisi. Wale watu walikuwa wanaiba kwa uso wake. Wanauza kwa jina lake, wanasifia kwa jina lake, na mtu akilizwa anapewa njia ya Rondo.

"Akawa hawezi kusikia pikipiki inasimama nje," Ignasi akasema. "Fundi pikipiki, dada! Inasimama ya mteja, yeye anaingia chini ya kitanda. Siku ile ilisimama moja, dereva alikuwa anataka kujaza upepo tu. Mjomba akaanguka mlangoni."

"Na sasa?"

"Sasa wanakuja kwangu. Wanauliza, Sixbert ni nani hapa? Watoto wanawaonyesha mimi. Nami nimevikwa jina mbele ya watu, nitalikana? Tangu mwezi wa tano nalala shamba."

Debora akamwonyesha yale maoni ya nyota nne. Ignasi akayasoma polepole, mdomo ukimcheza. Alipofika kwenye punda akafumba macho. Kisha akafungua lile begi, akatoa simu iliyoviringishwa kwenye mfuko wa plastiki kama dawa ya panya. "Hii ndiyo yake. Sithubutu kuiacha nyumbani, watoto wasije wakaiwasha."

Akaiwasha. Ikakaa kimya kidogo, ikapata mtandao, na hapo ikaanza. Ting, ting, ting, ting, meseji zinaingia mfululizo kama mvua ya kwanza juu ya bati. Hawakuzisoma, lakini zilikuwa zinapita juu ya kioo, na moja ilisema, "Sixbert najua unapokaa." Ignasi akazisukuma pembeni kwa kidole, akafungua picha, akampa Debora. Ilikuwa skrinshoti, ujumbe marehemu aliouandika kwenye ukurasa wa soko lile siku alipogundua.

"Tulikubaliana Ijumaa mnilipe, leo Jumatatu ya tano. Hata salamu hamna, mnaniandikia kama mnaamuru punda. Akaunti yangu mmechukua, jina langu mmechukua. Basi nirudishieni hata picha yangu. Sixbert, Rondo."

Debora akasoma mara mbili. Kumbe hawakutunga. Walikichukua kilio cha mtu, wakakikata hapa, wakakishona pale, wakakigeuza kuwa sifa. Yale maneno ya salamu yalikuwa ya Sixbert kweli. Lile nung'uniko dogo alilolisifu, aliloapa kwamba tapeli hawezi kulitunga, alikuwa marehemu anaomba msaada, naye Debora akalisoma akapiga kofi.

Akampigia Alex. Ikaita sana kabla ya kupokewa.

"Alex. Sema kweli."

Nyuma yake honi za mabasi na mtu anaita abiria wa Mtwara. Kisha Alex akaanza kulia, kijana mwenye ndevu. "Dada, Jumanne saa nne ile ile wamenifungia. Akaunti haipo. Nikawaandikia, hawajibu. Niliona aibu kukuambia, maana wewe ndiye..." Akapenga kamasi. "Ungejisikia vibaya."

"Uliwaambia nini kuhusu mimi?"

"Mimi? Hamna."

"Alex!"

"Waliniuliza nimewajuaje. Nikasema dada yangu Debora, fundi cherehani wa Mitwero, ndiye aliyenihakikishia, anajua kupima maoni kuliko mtu yeyote. Nilikuwa najisifu tu, dada. Wakaniuliza na kazi yangu, nikawaambia chipsi."

Debora akafungua lile soko kwenye simu yake. Hakuhitaji kutafuta. Juu kabisa, maoni mapya, tarehe ya Jumanne. Alex kashika kitambulisho chini ya kidevu, anatabasamu, masikini, macho yamejaa banda lake la chipsi. Nyota nne.

"Mimi ni mgumu kuamini watu. Dada yangu Debora, fundi cherehani wa Mitwero, Lindi, anayejua kupima maoni kuliko mtu yeyote, ndiye aliyenihakikishia. Walichelewesha siku moja, na kwa wasiwasi niliunguza karai zima la chipsi. Lakini wamenilipa yote. Alex, Nangurukuru."

Chini yake pameandikwa kwamba watu thelathini na mmoja wameona maoni haya yana msaada.

Nikuambie kilichomtisha kuliko vyote? Lile karai la chipsi. Kama asingekuwa yeye, kama angeletewa simu hii na mtu mwingine yeyote wa Mitwero, angefika kwenye chipsi zilizoungua, angecheka, angesema, huyu kafika kweli, tuma. Wanamjua. Wamejifunza anachokiamini, wamekipika vile vile anavyokipenda, na sasa wanawalisha watu kwa mkono wake.

Watu thelathini na mmoja. Na kila mmoja kaambiwa Debora anakaa wapi.

Nje ikasimama pikipiki.

Ignasi akanyanyuka kabla injini haijazimwa. Hakusema neno. Akapita nyuma ya magauni sita ya msiba yaliyotundikwa kwenye kamba, akajibana ukutani, na vitenge vikatikisika, vikatulia. Miguu yake ilikuwa inaonekana chini.

"Hodi!"

Sauti ya kiume, ya kijana. Debora akabaki ameshika simu. Tangu azaliwe hajawahi kusikia hodi akaacha kusema karibu, hata mama yake angelia kaburini kwa aibu, na mama yake yu hai. Ulimi ukakataa.

"Hodi hapa! Ni kwa dada Debora fundi?"

Hodi ni tatu. Mgeni akipiga ya tatu asijibiwe, anakwenda zake, ndiyo sheria. Ilikuwa imebaki moja. Debora akatazama ile miguu ya Ignasi chini ya magauni, miguu ya mtu mzima imepandana kama ya mtoto aliyevunja chungu. Akamfikiria Sixbert chini ya kitanda. Alijificha, na alipojificha jina lake likabaki peke yake huko nje, linafanya litakalo.

"Hodi!"

"Karibu," akasema Debora. Sauti ilitoka nyembamba, lakini ilitoka.

Akaingia kijana wa miaka kumi na tisa hivi, kofia ya kushonwa kwa mkono kichwani, mfuko wa plastiki mkononi, na mfuko unanukia bahari. Alikuwa anatabasamu.

"Shikamoo dada."

"Marahaba."

"Mimi naitwa Yahya, natoka Kilwa Masoko. Hunijui, lakini mimi nakujua. Nimekusoma." Akacheka kwa haya. "Nina akaunti ya gemu, nilikuwa naogopa kuiuza, kila mtu ananiambia nitapigwa. Nikaona maneno ya mdogo wako, ya chipsi. Moyo ukatulia kabisa. Jana mchana nikatuma. Sasa nakwenda Mtwara kwa mjomba, mama akasema mtu aliyekutendea wema hashukuriwi kwa simu, ukipita Lindi mtafute kwa mguu wako. Ametuma pweza mkavu."

Akanyoosha mfuko kwa mikono miwili. Debora akaupokea kwa mikono miwili, maana mikono ilijua adabu yake hata kama kichwa kimesimama. Alikuwa amejiandaa kwa mtu mwenye kisu, mwenye polisi, mwenye matusi. Hakujiandaa kwa pweza.

"Umetuma na uso?" akauliza.

"Na uso, dada. Nikaonyesha na meno."

"Yahya, mdogo wangu, kaa chini. Hawa ni wezi. Mdogo wangu hajalipwa. Hayo maneno hakuandika yeye, na mimi sijamhakikishia mtu." Akasita, maana hilo la mwisho lilikuwa uongo. "Nilimhakikishia. Nilikosea."

Tabasamu la Yahya halikuondoka mara moja. Lilibaki pale usoni halina kazi. "Lakini dada, imeandikwa ni wewe."

"Ni jina langu. Si mimi."

Kijana akarudi nyuma hatua moja. Akamtazama fundi huyu, akatazama mfuko wa pweza, akatazama mlango. Debora akaona waziwazi hesabu inayopigwa kichwani mwake, kwa sababu yeye mwenyewe aliipiga mara nyingi. Kule kuna watu mia mbili na kumi na tano waliolipwa. Hapa kuna mwanamke mmoja anayetokwa jasho.

Ndipo magauni yakasogea. Ignasi akatoka, buibui wa ukutani kamng'ang'ania begani, simu ya marehemu mkononi.

"Mimi naitwa Sixbert," akasema. "Sixbert wa Rondo. Njoo nikuonyeshe nilichowaandikia."

Yahya akasoma. Ile simu ikaita ting mbele ya macho yake, akasoma na hiyo. Akakaa kwenye kiti bila kukaribishwa tena, akatoa simu yake, na Debora akamsimamia. "Ingia kwenye akaunti. Walisema usiguse? Gusa! Badilisha paswedi sasa hivi. Na barua pepe. Haraka." Vidole vya kijana vilikuwa vinateleza kwa jasho, akakosea mara mbili. Mara ya tatu ikafunguka. Ilikuwa bado yake. Akabadilisha, akabadilisha tena kwa woga, akaegemea ukuta na kusema alhamdulillahi.

Hakuna aliyeshangilia. Debora alikuwa tayari anawaza wale wengine thelathini, na namna ya kuwafikia, na kwamba chochote atakachokiandika kwenye ukurasa ule kitakatwa na kushonwa upya.

"Dada," Yahya akasema. "Akaunti nimeirudisha. Na uso wangu?"

Debora, anayeulizwa na Mitwero nzima, akautazama uso wa Alex kwenye simu, bado unatabasamu kando ya nyota nne.

Nje dereva wa bodaboda aliyemleta Yahya akachoka kusubiri, akawasha pikipiki yake. Wote watatu wakashtuka kwa pamoja.